Kabla hujanunua sumu inayoua kila mdudu: nini cha kuchagua badala yake

Sumu ya kuua kila kitu huondoa pia buibui na nyigu wadogo waliokuwa wakila wadudu wako bure. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, huzaana upesi kuliko maadui zao, kwa hiyo hurudi wengi kuliko mwanzo, nawe unarudi dukani. Mjue kwanza mdudu anayekusumbua, ndipo utoe hela.

Kwa nafaka ghalani, namba moja ni mifuko isiyopitisha hewa. Fukusi na dumuzi hupumua mpaka oksijeni inawaishia, wanakufa bila dawa yoyote. Ukiwa dukani, jaza hewa mfuko wa plastiki wa ndani, ukunje mdomo na uubane: ukivuja, usiuchukue. Nafaka ikauke vizuri, mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13, la sivyo yataota ukungu humo humo.

Vumbi la diatomia, yaani unga wa mabaki ya mwani wa kale, linafuata. Hukwaruza nta ya ngozi ya mdudu, naye akakauka. Nunua lililoandikwa kuwa ni la kuhifadhia nafaka. La kuchujia maji ya bwawa la kuogelea ni hatari kwa mapafu. Hata hilo salama, lichanganye ukiwa umevaa barakoa.

Kwa viwavi wa mboga na mahindi, naweka mbele dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu 1938. Soma lebo uone aina ya bakteria: kurstaki au aizawai ni ya viwavi, israelensis ni ya mbu. Wengi hununua sahihi kisha wakaipiga mchana, jua likaiharibu. Piga jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, maana lazima waile. Vidukari haitawagusa.

Kwa vidukari na inzi weupe, chukua dawa ya mwarobaini ambayo lebo yake inataja kiasi cha azadirachtin, kiini chake kinachofanya kazi. Huvuruga kujivua ngozi kwa mdudu, kwa hiyo usitegemee kuona mizoga kesho yake. Kitaluni chandarua huwashinda wote, ila matango na maboga yafunue yakianza kuchanua ili nyuki wafike.

Mitego ya harufu inunue kwa ajili ya kuhesabu tu. Hunasa nondo dume, na hesabu hiyo hukuonyesha siku ya kukagua majani.

Pareto naiweka mwisho. Ni dawa ya asili itokanayo na maua, lakini huua nyuki pia.