Mapazia ya mtumba na kapeti la mkonge, Ngamiani Tanga: mrejesho wangu

Kwa wenye chumba na sebule na hela ya mawazo, nawaambia mapema, pale Ngamiani mitaa ya jirani na soko la Mgandini sebule inapendeza bila kukopa. Mimi nilikuwa na laki na nusu tu na imebaki chenji.

Nianze na mapazia maana ndo yamenikosha. Kuna mdada anauza ya mtumba, anatundika mazuri mbele ila mali yenyewe iko kwenye lile rundo la nyuma, hapo ukubali kuinama na kuchambua jasho likikutoka. Nimepata ya pamba, rangi ya maziwa, buku nane moja baada ya kubembelezana mno, mwenyewe alianza na kumi na tano. Kitu cha kuangalia ni lebo. Yale ya Uingereza yanaandikwa inchi, mengi ni 66 kwa 54, sasa 54 ni kama sentimita 137 yaani pazia la kidirisha kidogo, ukitaka lifike chini tafuta la 90. Wauzaji wengine watakwambia "linafika tu dada", halifiki! Na yale mazito yenye kitambaa cha kuzuia mwanga achana nayo hata akupe kwa buku tatu, kwa joto letu hili la Tanga utalala kama mkate kwenye tanuri, chukua jepesi upepo wa bahari upite.

Fundi cherehani wake yuko kibaraza cha pili, anakunja pindo na kuweka ringi. Kazi safi, mshono umenyooka. Nikampelekea na doti ya kanga anishonee foronya za mito ya kochi, mito ya kawaida ile ya sentimita 45, kanga moja inatoa mitatu mbele na nyuma kwahiyo doti nzima mito sita, dukani ungenunua miwili kwa hela hiyohiyo. Ila bwana jina la kanga kalikata katikati, nusu iko mto huu nusu mto ule, wageni wakija wanahangaika kuipanga wasome, mimi nimeacha hivyohivyo.

Kapeti sasa. Tuko kwenye mji wa mkonge, zao limeingia huku tangu 1893, halafu watu tunatandika manailoni ya maua yanayoteleza. Nimechukua la katani, limefumwa kwa mkono, elfu hamsini na tano, kubwa la kutosha kuweka meza na miguu ya kochi juu yake. Sebule imebadilika hapo hapo, hata yale makochi yangu ya zamani yameonekana ya maana. Kasoro ipo, linachoma kidogo miguu mitupu, wenye mtoto wa kutambaa wafikirie. Na halitaki maji kabisa, katani inanyonya, ukipiga deki ukalitandika sakafu mbichi litaota kuvu na harufu juu. Fagia, likunje, lipige jua kidogo, basi. Hayo muuzaji hakuniambia hata moja, nimeambiwa na bimkubwa jirani.

Bomba la pazia msinunue la chuma jembamba lile la bei chee, hewa ya chumvi hii linashika kutu na linachafua kitambaa. Mimi nimetumia mti uliopigwa vanishi, seremala kanichongea kwa buku sita.

Nawapa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa ajili ya yule fundi cherehani, ahadi zake ni "kesho" mpaka uchoke, simu hapokei. Mfuate mwenyewe asubuhi kabla foleni haijajaa, na vipimo uviandike kwenye karatasi, maana usipompa anakadiria kwa macho.