Uzoefu wangu: .243, 6.5 Creedmoor, .308 au .30-06 kwa kulungu wa Pennsylvania

Nawinda kulungu kwenye misitu ya milimani Pennsylvania, Marekani, na kila msimu ukikaribia Waswahili wenzangu wa huku hunipigia simu na swali lile lile: ninunue bunduki ya kaliba gani, yaani ya kupiga risasi ya ukubwa na aina gani? Mimi nasema .308 Winchester. Sababu nitazieleza, maana dukani watakumwagia hesabu za kasi na masafa hadi umsahau mnyama mwenyewe.

Kulungu dume wa mkia mweupe aliyekomaa ana kilo sitini na kitu, hapishani sana na swala pala. Si nyati. Msitu ni wa mialoni na vichaka vilivyoshonana, kwa hiyo mara nyingi unamwona akiwa mita 50 au 80; mita 150 tayari ni mbali. Kwa umbali huo, kaliba zote nne nilizozipiga zinaua. Kinachozitofautisha ni bega lako, na jinsi mnyama alivyokaa mbele yako.

Wazee wa hapa huwaambii kitu kuhusu .30-06. Jeshi la Marekani liliichukua 1906, na porini bado inafanya kazi yake. Lakini ina teke: ukifyatua, bunduki inakusukuma begani kwa nguvu. Porini, ukiwa na koti zito, hulihisi. Nenda kwenye uwanja wa shabaha umevaa fulana: kabla boksi la risasi 20 halijaisha, macho yanaanza kujifumba kabla hujafyatua, kidole kinavuta kwa pupa, na matundu kwenye karatasi yanaanza kutawanyika. Mwili umeshajifunza kuogopa. Mtu aliyefika hapo akiingia msituni anajeruhi, na kulungu aliyepigwa tumboni huenda akafia mbali usikomfikia. Mnyama ameteseka bure na nyama imepotea. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika uwindaji.

.243 ni upande wa pili kabisa. Ilitoka 1955, ni ganda la .308 (kikopo cha kubebea baruti) lililobanwa shingo lishike risasi nyembamba, greni 100 hivi kwa kulungu, yaani gramu sita na nusu. Teke lake dogo, ndiyo maana vijana wengi huanzishiwa hiyo, na mke wangu haachani nayo. Kulungu akikupa ubavu na risasi ikaingia nyuma tu ya bega, kwenye moyo na mapafu, kazi imekwisha. Tatizo ni pale anaposimama mshazari, mfupa wa bega ukiwa njiani. Hapo nataka risasi nzito zaidi, ipenye hadi itokee upande wa pili, kwa sababu matundu mawili huacha damu ya kufuata. Majani ya mialoni yaliyoanguka mwishoni mwa Novemba yana rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu. Unainama, unageuza jani moja moja, na tone dogo linakupita hivi hivi.

6.5 Creedmoor iliingia sokoni 2007, ikabuniwa kwa ajili ya mashindano ya kulenga mbali. Ni risasi nzuri kweli: teke la wastani, na upepo hauisumbui sana. Kama ningewinda kwenye nyanda za wazi za Wyoming, ningeichukua. Ila ubora wake huonekana hasa kuanzia mita 300, na msituni kwangu mita 300 huzioni.

Ndipo ikabaki .308, ya 1952. Greni 150, karibu gramu 10, hutoka mtutuni kwa takriban mita 860 kwa sekunde. Teke lake bega langu linalimudu mchana mzima, na risasi zake zipo hata kwenye viduka vya miji midogo, za bei nafuu zikiwemo. Hilo la bei ndilo lililoamua, kwani shabaha haiji bila kufyatua. Kwa kuwinda natumia za shaba tupu: ni ghali, lakini haziachi chembe za ledi, madini yenye sumu, kwenye nyama wanayokula wanangu. Ukizitumia, rekebisha darubini ya bunduki upya kwa hizo hizo, kwa sababu hazipigi pale pale zinapopiga za mazoezi.

Nunua bunduki ya kukoki kwa mkono. Zile za kujikoki zenyewe haziruhusiwi kwa kulungu Pennsylvania. Anayechukua leseni yake ya kwanza ya uwindaji lazima apite kwanza mafunzo ya wawindaji, na msimu wa bunduki unavaa rangi ya machungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni. Kwa Waislamu wenzangu: bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kiwe kiunoni, umkute bado yu hai umchinje.

Ndugu zetu wa Columbus na jimbo zima la Ohio, kwenu mambo ni tofauti. Raifoli za kulungu huko lazima ziwe za ganda lililonyooka, lisilobanwa shingo, kwa hiyo hizi nne zote hazifai. Tazameni .350 Legend, au .450 Bushmaster kama bega linaruhusu.