Muziki mpya kwenye Hilux ya zamani: pesa yangu imekwenda wapi

Gari lenyewe ni Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1996, singo kebini, injini 3L ya dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo. Nalitumia kubebea vifaa vya ujenzi kati ya Dar, Kibaha na Chalinze. Redio iliyokuwemo ni ya kaseti, na spika zake za karatasi, inchi nne, moja ilikuwa imechanika siku nyingi. Sikutaka gari la kuzungusha mtaani Jumamosi usiku. Nilitaka nikiwa spidi 90 barabara ya Morogoro, vioo vimeshushwa kwa sababu AC hakuna, nisikie mtangazaji wa mpira anasema nani kafunga, na dansi la zamani likipigwa nilisikie gitaa la besi.

Hilo la besi ndilo gumu kuliko yote kwenye pikapu ya dizeli. Mngurumo wa injini, matairi na upepo wa dirishani vyote viko chini, kwenye masafa yaleyale ya besi, kwa hiyo besi inamezwa kwanza na kinachobaki ni makelele ya juu. Mtu anaongeza sauti ili aisikie, redio inazidiwa, mwisho anaunguza spika.

Kariakoo nilizunguka kabla ya kutoa pesa, na kuna jambo moja la pale kila mnunuzi alijue: wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za kupamba boksi. Nilionyeshwa amplifaya iliyoandikwa 3000W kwa maandishi ya dhahabu. Nikaigeuza nikaangalia fyuzi yake: moja, ya ampia 30. Ampia 30 kwa volti 14 ni wati 420, na hapo ni kama amplifaya haipotezi chochote kwenye joto, jambo ambalo haliwezekani. Nikamuuliza muuzaji hizo nyingine zinatoka wapi. Akacheka, akaniambia, "Bosi, wateja wanapenda namba." Cha kutafuta ni neno RMS, yaani wati za kudumu. Hata redio niliyonunua, Pioneer ya DIN moja (ile saizi nyembamba ya kawaida) yenye bluetooth, usoni inajitangaza kuwa 50W mara nne, lakini kijitabu chake kinasema wazi kuwa wati za kudumu ni 22 kwa kila spika. Angalau hao wameandika.

Fundi nilielekezwa na dereva wa lori. Anafanyia kazi nyuma ya gereji ya kunyoosha bodi, Ilala, na jina lake naliacha kwa sababu nina malalamiko yake huko mbele. Kilichonifanya nimwamini ni jinsi alivyoanza. Mimi nimekwenda na hamu ya kuzungumza spika, yeye akaomba ufunguo. Akawasha gari, akaweka mita kwenye betri, akasoma volti 14.1. Akawasha taa kubwa na waipa, akasoma tena, 13.7. "Alternata nzima, mzee," akasema. "Ingekuwa mbovu ningekurudisha kwa fundi umeme kwanza, maana muziki ungekuulia hiyo betri ya N70."

Kisha akaingia chini ya dashibodi. Jamani, gari la miaka hiyo limepita mikononi mwa watu! Alivuta nyaya za alamu iliyokwisha kufa, nyaya za taa za ukungu ambazo gari halina, na maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi iliyoyeyuka ikawa inanata. Alizing'oa zote, akaunga upya zile zinazohitajika kwa risasi na kuzivalisha mipira ya kusinyaa kwa moto. Mwenye gari la zamani akilipia kazi hii peke yake, bila hata kubadili spika, hajapoteza.

Upande wa milango ndio uliokula muda, na kwa maoni yangu ndipo thamani ya pesa ilipo. Spika ya mlangoni inahitaji kitu kigumu cha kushikilia, na mlango wa Hilux ya zamani ni bati mbili zenye matundu makubwa katikati. Mawimbi ya nyuma ya spika yanatoka kwenye hayo matundu yanakutana na ya mbele, besi inakufa palepale. Fundi alisafisha bati kwa petroli, akabandika ndani yake shiti za mpira wa butili zenye alumini upande mmoja, akizikandamiza kwa roli ndogo mpaka hewa yote ikatoka. Matundu ya katikati akayaziba. Yale madogo ya chini kabisa ya mlango akayaacha wazi, maana maji ya mvua yanayopita kwenye kioo yanatokea hapo, na ukiyaziba mlango unaoza. Alipomaliza upande wa dereva akaniita nigonge milango yote miwili. Wa abiria ulilia debe. Wa kwangu ulitoa mgoto mfupi, ukanyamaza. Hapo spika bado ziko kwenye boksi!

Kuna wanaotumia zile tepu za lami za kuzibia mapaa kwa sababu ni rahisi kwa bei. Kwa jua la Dar sikushauri. Lami inalainika, inateleza, na gari linanuka kama barabara mpya.

Spika zenyewe ni za inchi sita na nusu, twita zake, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikawekwa juu karibu na kioo cha pembeni ili sauti ya mtangazaji isiishie magotini. Zinaendeshwa na amplifaya ya chaneli nne: mbili za milango, na mbili zimeunganishwa pamoja kwa ajili ya sabufa. Sabufa ni nyembamba ya inchi 10, maana nyuma ya kiti cha singo kebini pana nafasi finyu ajabu. Seremala alichonga boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, pana chini na jembamba juu kufuata mlalo wa kiti. Jeki na spana zimehamia chini ya miguu ya abiria, na kiti changu kimesogea mbele kidogo. Mrefu kuliko mimi angelalamika.

Waya mkuu kutoka kwenye betri ni mnene, wa geji 4, shaba tupu. Hapa kuwa macho, kwa sababu madukani zimejaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba, rangi ileile, unene uleule. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Fyuzi imewekwa palepale karibu na betri, haifiki futi moja. Kazi yake ni kuulinda huo waya, kwani ukichubuka kwenye bati la bodi bila fyuzi, unawaka moto na gari lako.

Mwisho akaseti sauti kwa mita, si kwa kuinua kidole hewani. Alicheza mlio mmoja kutoka kwenye simu, redio ikiwa robo tatu ya sauti yake, akapandisha amplifaya mpaka nyaya za milango zikasoma volti 14. Mahesabu yake ni rahisi: wati 50 zidisha kwa omu 4, tafuta kipeuo cha pili, unapata 14.1. Krosova, yaani kigawanyio cha sauti nzito na nyembamba, akaikata kwenye 80 Hz, chini ya hapo kazi ya sabufa, juu ya hapo milango. Tangu hapo naweza kufungulia mpaka mwisho wangu na hakuna kinachokoroma.

Sasa malalamiko. Kwanza, "kesho asubuhi njoo uchukue" ya huyu bwana haina asubuhi. Pili, klipu za plastiki za kava za milango zilikatika wakati wa kufungua, jambo la kawaida kwa plastiki ya umri huo, lakini yeye akaona tiba ni kupiga skrubu. Kava ya mlango wa dereva ina vichwa vya skrubu vinavyong'aa ambavyo hakuniuliza kama navitaka, ilhali klipu zinauzwa kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kwa bei ya soda. Tatu, nilipotoka hapo, kulikuwa na mluzi kwenye spika unaopanda kila nikikanyaga eksileta. Nikageuza gari, nikamrudia. Tatizo lilikuwa athi ya redio (waya wake wa hasi unaofungwa kwenye bodi), ambayo aliiacha kwenye waya wa zamani. Aliivutia waya mpya mpaka pale pale ilipofungwa athi ya amplifaya, kwenye bati lililokwanguliwa rangi, na nyaya zinazotoa sauti kwenye redio kwenda kwenye amplifaya akazihamishia upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme. Mluzi ukaisha, na hakunidai hata senti.

Kwa ujumla nimetumia kama milioni moja na laki mbili, ufundi na seremala humo humo. Ukiwa na nusu ya hiyo, ningeanza na nyaya, milango na jozi moja ya spika nzuri zinazoendeshwa na redio peke yake. Sabufa ingesubiri. Uso wa redio unachomoka, nami nautia mfukoni kila nikishuka, hata kama nanunua maji tu, kwa sababu Dar tunajuana.

Kilichobaki ni antena. Ile ya kuvuta kwa mkono kwenye nguzo ya kioo cha mbele ilivunjwa na tawi, na nikishapita Mlandizi stesheni zinaanza kukwaruza. Fundi alitaka kunibandikia ile ya kioo cha ndani, nikakataa. Nimeagiza ya chuma Gerezani, safari hii na klipu za mlango humo humo.