Kifurushi cha koja la Krismasi la kroshia: sindano naipenda, karatasi yake siitaki

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo vipi, karibuni tena. Leo nipo barazani kwa sababu nyumba ya pili wanakata vigae tangu asubuhi na huko ndani hakusikiki kitu. Mkisikia kunguru, mvumilie, ndio Dar es Salaam yetu hii.

Haya. Mmeniandikia sana kuhusu hiki kifurushi. Hiki hapa, kimefungwa na utepe mwekundu: madonge matano ya uzi, sindano ya kroshia, sindano butu ya kufichia mikia ya uzi na karatasi ya maelekezo. Kimeandikwa kwamba hata asiyewahi kushika sindano atafuma koja la Krismasi jioni moja. Jina la waliokitengeneza sitaji, maana nimeshavishika vitatu vya watu tofauti na ugonjwa ni ule ule. Nilichokinunua kwa pesa yangu ni hiki, shilingi 38,000, na nimekaa nacho siku tisa.

Habari za uzi mnazijua, ni akriliki ya kawaida, unene wa kati, nyekundu, kijani, nyeupe, kahawia na ile ya dhahabu inayokwaruza. Tusipoteze muda hapo. Mimi nina hasira na karatasi.

Tazama. Inakwambia: fuma kopa moja, lile umbo la moyo, kata uzi. Fuma la pili, kata uzi. Ufume makopa 20, kisha uyashonee kwenye kamba. Sasa piga hesabu na mimi. Kila kopa lina mkia wa kuanzia na mkia wa kumalizia. Makopa 20, mikia 40! Mikia 40 ya kufichwa kwa sindano, mmoja mmoja, na ukiuficha vibaya unachomoka koja likiwa limeshaning'inia. Dada yangu wewe umetoka kazini, umepika, umewalaza watoto, unakaa saa tatu usiku ufiche mikia 40? Ndiyo maana watu wanaanza mapambo mwezi wa kumi na moja, na Januari makopa bado yako kwenye mfuko.

Na hakuna haja hata kidogo. Koja hili linafumwa kwa uzi mmoja, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Kamba na makopa vinatoka pamoja. Sogea hapa, nashusha kamera kwenye mikono. Inaonekana? Sawa.

Nimefunga kitanzi changu cha kuanzia, nafuma minyororo 20. Mnyororo mnaujua: zungusha uzi, vuta, zungusha, vuta. Hiyo 20 ndiyo kamba, kwa mkono wangu inatoka kama sentimita 10. Mkono wako ukibana itakuwa fupi, haina shida. Sasa naongeza minyororo minne. Nahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye sindano: moja, mbili, tatu, nne. Hili tundu la nne likazie macho. Kila kitu kuanzia sasa kinaingia humu humu.

Nazungusha uzi kwenye sindano mara mbili. Naingiza tunduni, navuta. Hesabu vitanzi vilivyo juu ya sindano: vinne. Zungusha, pitisha kwenye viwili. Zungusha, pitisha kwenye viwili. Zungusha, viwili vya mwisho. Hiyo ni nguzo ndefu. Nafuma tatu za namna hiyo.

Sasa nguzo fupi. Nazungusha mara moja tu, naingiza, navuta, vitanzi vitatu. Pitisha viwili, pitisha viwili. Tatu za hizo.

Mnyororo mmoja. Nguzo ndefu moja, peke yake. Hii ndiyo ncha ya kopa kule chini, usiisahau, ukiisahau utapata duara. Mnyororo mmoja tena. Sasa tunapanda upande wa pili kwa kinyume: fupi tatu, ndefu tatu. Minyororo mitatu, ingiza sindano kwenye tundu lile lile, vuta uzi upite moja kwa moja, funga.

Ona! Ona lilivyokaa! Upana wa vidole viwili, na uzi uko palepale kwenye bonde la kopa, juu, mahali lilipoanzia. Kwa hiyo sikati. Naendelea, minyororo 20, kisha minne, kopa la pili. Kopa linaning'inia ncha chini lenyewe, halipinduki, kwa sababu limeshikwa pale kwenye bonde. Ukimaliza makopa yako 20 una mikia miwili. Miwili! Mmoja mwanzo, mmoja mwisho, na hiyo hiyo ndiyo unayofungia kwenye msumari.

Nilivyoligundua hili nilicheka peke yangu usiku, mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Kitu kingine kuhusu karatasi, halafu naiacha. Imeandika fuma "dabo". Dabo ya nani? Mmarekani akisema dabo kroshia anamaanisha nguzo ya kuzungusha uzi mara moja. Mwingereza nguzo hiyo hiyo anaiita trebo, na dabo yake yeye ni ile fupi kabisa isiyozungushwa kabla ya kuingiza. Mimi nilifundishwa na mama yangu kwa vitabu vya Uingereza vya Sayansi Kimu, nikafuma dabo ninayoijua, kopa likatoka limejikunja kama ganda la korosho. Nikafumua. Nikarudia mara tatu nikidhani mkono wangu umeharibika. Kumbe karatasi ni ya Kimarekani na hawakuandika popote. Neno moja tu lingetosha. Ndiyo maana mimi hapa siwatajii majina, nawahesabia mizunguko ya uzi. Mara moja, mara mbili, hakuna wa kupotea.

Sasa niseme la haki. Sindano. Sindano ya hiki kifurushi ni nzuri mno. Ni ya milimita 4, ina mpini wa mpira mpana hapa kidole gumba kinapokaa, na ncha yake ni ya mviringo kidogo, haichani uzi. Uzi wa akriliki huu una tabia ya kupasuka, ukiingiza sindano kali inapita katikati ya nyuzi badala ya chini yake. Hii haifanyi hivyo. Mama alitufumia vitambaa vya makochi, vya redio, vya juu ya televisheni, vyote kwa ile sindano nyembamba ya chuma na uzi mweupe wa pamba, na jioni vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Ningempa hii. Kwa kweli nimeshamwekea, atakuja kuichukua Jumapili.

Wakati naanza kurekodi nilipanga kuwaambia msikinunue kabisa. Sasa nikiishika hii sindano moyo unasita. Lakini bei! Kariakoo nimepata donge la uzi kama huu kwa shilingi 3,500, kubwa kuliko haya ya gramu 25. Sindano ya chuma tupu 2,000. Nyekundu, kijani na nyeupe, ukijumlisha na sindano ni 12,500, na unapata makoja zaidi ya moja. Donge moja la gramu 25 la hapa limenitosha koja la mita mbili na likabaki. Kwa hiyo kama vidole vinakusumbua, nunua kifurushi kwa ajili ya sindano. Kama huna shida ya vidole, nenda Kariakoo.

Kuna dada ameandika wiki iliyopita: kwa nini nihangaike, si ninunue zile kamba za kung'aa za plastiki? Nunua, mpenzi, hakuna dhambi. Mimi nilizinunua miaka minne mfululizo. Zinapukutika. Februari bado nazifagia chini ya kochi, na mwanangu alipokuwa anatambaa nilimtoa vipande mdomoni mara mbili. Hapo ndipo nilipoacha. Koja la uzi unalifua, unalikunja, unalitoa mwakani. Na kroshia hadi leo ni kazi ya mkono. Mashine inafuma sweta vizuri, lakini ukikuta koja la kroshia linauzwa, ujue kuna mtu alikaa akalifuma tundu kwa tundu. Kwa hiyo ukimkuta mama analiuza barabarani, usimkate bei mpaka aone haya.

Rangi. Karatasi inataka uanze na nyeupe za theluji. Mimi nimefuma nyekundu na kijani kibichi, kwa sababu Desemba yangu mimi ni ule mti wa maua mekundu, nyumbani tunauita mkrismasi, unavyochanua njia nzima na maua yanaanguka barabarani. Nataka rangi hiyo ukutani. Ukibadilisha rangi, badilisha katikati ya kamba, usibadilishe ndani ya kopa, na hapo itakubidi ufiche mikia miwili zaidi kwa kila badiliko. Mimi nimefuma la mita mbili jekundu tupu na jingine la kijani tupu, nikayasokota pamoja. Tazama hapo dirishani. Si linapendeza?

Kamba ikikaa siku mbili tatu inanyooka na kulegea. Dawa yake: ukifika mwisho usikate, geuka, rudi juu ya minyororo ile ile kwa kufunga tu, kama tulivyofunga kopa, tundu kwa tundu, ukifika kwenye kopa unalipita kwa nyuma. Inachosha, lakini kamba inakuwa imara.

Na pasi! Akriliki usiipige pasi ya moto, inalegea na hairudi tena. Ukitaka makopa magumu, fuma kwa pamba, uchovye kwenye maji mepesi ya wanga wa muhogo, uyabandike na pini yakauke. Wengine hutumia sukari, nami nawaambia sisimizi watakuja wote. Umeme ukikatika mkawasha mishumaa, koja likae mbali, akriliki inayeyuka na kudondoka ikiwa ya moto. Zile taa ndogo za LED hazina shida, nimezizungushia tangu juzi kwenye tawi la mvinje na uzi haujashtuka.

Kabla sijasahau, Jumamosi saa kumi jioni tutakuwa mubashara, tunafuma pamoja koja zima. Njoo na donge lako na sindano. Na wale mlioomba la Idi, nimewasikia, kopa hili hili kwa nyeupe na dhahabu linakaa vizuri sana, nitaliandaa mapema safari hii. Kama hujajiunga nasi, jiunge, tumebakiza watu wachache tufike elfu kumi.

Ngoja, bado nina kopa moja mkononi, la ishirini. Ndefu tatu... fupi tatu... mnyororo... ncha... mnyororo... fupi tatu, ndefu tatu, mitatu, funga. Nipe mkasi hapo, mwanangu. Asante. Sasa ndiyo nakata uzi.