Tochi Iliyotuharibia Picha ya Kutisha

Nimekwenda sinema kwa miaka mingi, lakini sijawahi kutoka ukumbini na hasira kama niliyotoka nayo juzi kati, usiku mmoja wa mvua, mimi na wifi yangu, katika ukumbi mmoja wa hapa Mombasa ambao sitautaja jina. Tulikwenda kutazama picha ya kutisha. Tulilipa tiketi, tukanunua bisi, tukaketi mapema ili macho yazoee giza.

Picha ilianza vizuri mno. Muda mrefu ulipita bila tone la damu. Palikuwa na nyumba, mtoto na ujia mrefu, na ukimya uliozidi kuwa mzito. Ikafika mahali mtoto amesimama mwisho wa ujia, ametupa mgongo, na mama yake anamwita kwa sauti ya chini. Wifi yangu alikuwa ameshika bisi moja kwa vidole viwili, ameifikisha karibu na kinywa, na kinywa kimebaki wazi. Mimi vinyweleo vilikuwa vimenisimama hadi shingoni. Mtoto akaanza kugeuka. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, mwanga wa nje ukaifuta picha, na mhudumu akaingia na tochi, akawa anatumulika usoni mmoja mmoja ili kukagua tiketi, huku akiuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyeketi kiti kisicho chake. Alipotoka, mtoto alikuwa amekwisha kugeuka, watu wa nyuma yetu wanacheka, na hofu yote imetuondoka.

Hayo pengine ningeyasamehe. Kilichonichoma ni jibu la msimamizi, ambaye nilimfuata nje, nikamsalimu na kumweleza kwa upole. Alinijibu bila hata kuinua macho, "Mama, hizi ni picha za kutishana tu, hazina hadithi. Hakuna ulichokosa." Akaongeza kwamba laiti ingekuwa ya mapigano, angenielewa.

Namjibu hapa, kwa kuwa pale ulimi ulikuwa mzito. Mambo ni kinyume kabisa. Picha ya mapigano, ukitoka kwenda msalani ukarudi, utawakuta bado wanapigana, na mshindi ulimjua tangu mwanzo. Picha ya Kihindi hukungoja. Wimbo mmoja ukikupita, unakuja mwingine. Vichekesho hunoga zaidi watu wakipiga kelele, maana kicheko huambukiza. Picha ya kutisha haivumilii kukatizwa, kwa sababu hofu hujengwa kidogo kidogo: sauti hupunguzwa, mwili hujikaza ukingoja, moyo huenda mbio ingawa akili inajua kwamba hakuna hatari, na raha yenyewe huja pale pumzi inaposhuka baada ya mshtuko. Ukiikata katikati, umewanyang'anya watu mshtuko pamoja na faraja yake. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa sinema, alilijua hilo. Alipotoa picha yake ya kutisha, Psycho, mwaka 1960, alisisitiza kwamba mtu yeyote asiingizwe ukumbini baada ya picha kuanza. Bibi yangu wa Mji wa Kale, ambaye hakuwahi kukanyaga sinema, alilijua vilevile. Kabla ya kutusimulia habari za yule mwanamke mzuri wa usiku mwenye kwato za punda, alipunguza utambi wa kandili, akahakikisha kila mtoto amekwenda msalani, kisha akakataza mtu kuinuka mpaka amalize. Nani atathubutu kuniambia kwamba hiyo haikuwa hadithi?

Nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba mtu asikanyage pale kabisa. Nashindwa. Nyumbani, mbele ya televisheni, tuktuk zikipita nje na jirani akibisha hodi, sijawahi kutishika hata robo ya nilivyotishika dakika ile kabla ya tochi. Vipaza sauti vyao ni safi kiasi kwamba nilimsikia yule mtoto akivuta pumzi kana kwamba yuko nyuma ya sikio langu, na haki hiyo siwanyimi. Msimamizi sijamsamehe, na pesa zetu hakurudisha. Wifi yangu anataka twende tena, kwa kuwa uso wa yule mtoto hatukuuona alipogeuka. Nimekubali, ila safari hii nitauliza dirishani, kabla ya kutoa hata shilingi moja, kama tiketi hukaguliwa mlangoni au ndani.