Wood Badge: tathmini ya mafunzo ya viongozi wa skauti baada ya kuvishwa skafu

Hakuna kiongozi wa skauti anayedumu katika kazi hii ya kujitolea bila kuulizwa, mapema au baadaye, kama amekwisha kufanya Wood Badge, yaani mafunzo ya kufuzu ya viongozi watu wazima wa skauti. Wanaouliza huwa ni kamishna anayetaka kujaza nafasi, kiongozi mwenzake aliyevaa shanga mbili za mbao shingoni, na wakati mwingine mzazi aliyesikia kwamba wapo viongozi waliofuzu na wasiofuzu. Kwa kuwa mafunzo haya humgharimu mtu mzima likizo yake, miisho yake ya juma na miezi ya kazi ya vitendo baada ya kambi, ni haki yake kujua anachokwenda kukipata kabla hajajaza fomu. Nimeyapitia mpaka mwisho, na maoni yangu kwa ufupi ni kwamba yanafaa sana pale yanapomfanya kiongozi aishi kama kijana na pale yanapomrudisha kundini akiwa na msimamizi wa kumkosoa, ila yanapwaya pale sare na sherehe zinapomeza muda uliopaswa kutumika kujadili usalama wa watoto.

Kozi ya kwanza ilifanyika Septemba 1919 huko Gilwell Park, pembezoni mwa London, katika shamba lililonunuliwa kwa fedha za William de Bois Maclaren, kamishna wa skauti kutoka Uskoti. Maclaren alikusudia maskauti wa mashariki ya London wapate uwanja wa kambi, na Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, akaongeza haja ya kuwa na mahali pa kuwafunzia viongozi. Ndiyo maana skafu ya Gilwell anayovishwa aliyefuzu, ya kijivu kwa nje na yenye wekundu kwa ndani, hushonewa kwenye pembe ya nyuma kipande cha kitambaa cha drafti cha ukoo wa Maclaren. Muundo wa asili ulikuwa na sehemu tatu: nadharia iliyojibiwa kwa maandishi, kambi ya vitendo, na kipindi cha kuyatumia mafunzo katika kundi la mhusika mwenyewe. Kila chama cha taifa hupanga mtaala wake chini ya miongozo ya Shirika la Skauti Duniani, lenye vyama wanachama zaidi ya 170, kwa hiyo urefu na majina ya hatua hutofautiana kutoka chama hadi chama. Hata hivyo, ukikwangua kidogo utaiona ile mifupa mitatu ya mwanzo.

Sehemu ya nadharia haina mengi ya kusemwa. Siku hizi husomwa zaidi kwenye intaneti, kwa video fupi na maswali ya kuchagua jibu, na humpa mgeni msamiati anaouhitaji: Ahadi na Kanuni za skauti, mfumo wa patroli (vikundi vidogo vya vijana vinavyojiongoza), ngazi za maendeleo ya kijana na beji zake, pamoja na mgawanyo wa rika. Aliyekulia katika uskauti ataimaliza haraka, ilhali mzazi aliyeingia kwa sababu mwanawe ameapishwa atahitaji kurudia baadhi ya sura. Kasoro yake ni kwamba maswali hupima kumbukumbu tu, na mtu anaweza kupata alama zote bila kuwahi kukaa na kikundi cha watoto wa miaka kumi na miwili ambao hawataki kunyamaza.

Kambi ndiyo kiini cha mafunzo. Viongozi hugawanywa katika patroli za watu sita hadi wanane, na patroli hizo hupewa majina ya wanyama au ndege, kama zilivyokuwa zile nne za kambi ya majaribio ya Baden-Powell kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, yaani Mbwa Mwitu, Fahali, Sululu na Kunguru. Uongozi wa patroli huzunguka, ili mwalimu mkuu, mhasibu na kijana aliyetoka chuo juzi kila mmoja apate zamu ya kuongoza na zamu ya kuongozwa. Inasikika kama mchezo mpaka pale mtu mwenye cheo kikubwa kazini anapoambiwa na kijana huyo kwamba zamu ya kuosha masufuria ni yake.

Tulipewa kazi ya kujenga meza ya kambi kwa miti na kamba, bila msumari hata mmoja. Kiongozi wa patroli wa siku hiyo alikuwa mama mmoja mpole ambaye hakuwa amewahi kufunga miti maishani mwake, na alikuwa ameanza vizuri, akizungusha kamba taratibu kwenye pembe ya kwanza, akikaza, akifungua na kuanza upya. Mwenzetu mmoja, mjuzi wa mafundo, alishindwa kuvumilia: alinyoosha mkono, akasema, "Lete nikuonyeshe," na kamba haikurudi tena mikononi mwa yule mama. Meza yetu ilisimama kabla ya za patroli nyingine zote, na haikutikisika hata ilipobebeshwa ndoo ya maji. Mkufunzi alipofika aliisifu, kisha akamwomba kiongozi wa patroli afunge pembe moja mbele yetu, naye hakuweza. Mkufunzi hakutoa hotuba. Alituuliza tu meza ile ilikuwa ya nani, akaenda zake kwenye patroli ya jirani.

Nadhani swali hilo lilistahili ada yote ya kozi. Mfumo wa patroli, ambao viongozi wote huutaja na wachache huutekeleza, unadai kwamba vijana wapange, wagawane kazi, wakosee na wasahihishe wenyewe, huku mtu mzima akilinda mipaka ya usalama na kujizuia kuingilia mengine. Hakuna kijitabu kinachoweza kumfundisha mtu mzima jinsi kujizuia huko kunavyowasha mikono. Kambi humfundisha kwa kumweka upande wa pili, pale anapokuwa yeye ndiye aliyenyang'anywa kamba, na kwa hilo naipa alama za juu bila kusita. Jioni, patroli zilipokutana katika baraza la viongozi wa patroli, mada iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ni wakati gani mtu mzima anapaswa kuingilia, na majibu yaliyotolewa na wakufunzi yalikuwa na uzito kwa sababu wao wenyewe walikuwa viongozi wa makundi yaliyo hai. Hawakuwa wasemaji wa kukodiwa.

Suala la sare ndilo lililotugawanya. Ratiba yetu ilikuwa na ukaguzi kila asubuhi, na kila ukaguzi ulifuatiwa na maelezo marefu kuhusu mahali pa kila beji, upana wa skafu inapokunjwa na soksi zinapaswa kufika wapi. Sina ugomvi na unadhifu, kwani kiongozi aliyechomekea shati nusu hana uso wa kumkosoa mtoto. Kipengele kimoja nilikifurahia hasa: kila mshiriki alisuka mwenyewe kwa kamba ya ngozi ile pete ya kubana skafu, na ukishaisuka, ukaifumua kwa hasira na kuisuka tena, unaelewa kwa nini wanaoivaa hawapendi kuiazimisha. Hata hivyo, muda uliotumika kwenye beji ulizidi kiasi, hasa kwa kuwa maswali yenye uzito kuhusu sare hayakuwa kwenye ratiba kabisa na yaliibuka tu wakati wa kupumzika.

Swali kubwa lilikuwa ni nini afanyiwe mtoto anayefika mkutanoni bila sare. Upande mmoja ulisema arudishwe nyumbani ili wengine wajifunze nidhamu, na ukakumbusha kwamba sare iliwekwa, pamoja na mambo mengine, ili kuficha tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho. Upande wa pili ulijibu kwamba hoja hiyohiyo humgeukia mtoto ambaye mzazi wake hana uwezo wa kununua shati, kwa kuwa ukimfukuza mbele ya wenzake umeitangaza ile tofauti uliyodai kuificha. Mimi niko upande wa pili. Baden-Powell mwenyewe aliandika kwamba hakujali kama skauti amevaa sare au la, ilimradi moyo wake uko kazini na anaishika Kanuni, ingawa aliongeza kwamba ni nadra kumpata skauti asiyeivaa sare akiwa na uwezo wa kuinunua. Kundi lenye busara huanza na skafu peke yake, huweka akiba ya mashati yaliyowabana waliokua, na humvisha mtoto kimyakimya kabla ya paredi. Kwa watu wazima msimamo wangu ni mkali zaidi: sare ya chama isivaliwe kwenye mkutano wa siasa wala kufanyia biashara, na kiongozi anayevaa beji asiyoistahili arejeshwe kwenye Kanuni ya kwanza, inayohusu kuaminika kwa skauti.

Kuhusu kanuni za usalama wa watoto nina sifa na lawama pamoja. Yaliyofundishwa yalikuwa sahihi na yalielezwa waziwazi: mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali ambapo hawaonekani, asilale naye hema moja, asiwasiliane naye kwa ujumbe wa siri kwenye simu, na safari isifanyike bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi na taarifa za afya za kila mtoto. Wakufunzi pia walilieleza vizuri jambo ambalo wajitoleaji wengi hulichukulia kama tusi, kwamba kukaguliwa rekodi za mtu kabla ya kupokelewa si kumshuku yeye binafsi, kwa sababu utaratibu unaomruka mtu mmoja kwa heshima ya umri au cheo chake ndio hasa mlango anaoutafuta mwenye nia mbaya.

Zoezi la vitendo lilikuwa moja tu, na lilikuwa bora. Mkufunzi alikaa chini akiigiza mtoto, akatazama viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo, "Nikikuambia kitu, utaniahidi hutamwambia mtu?" Karibu wote tulioitwa mbele tuliahidi papo hapo, kwa huruma, na wote tukasahihishwa: usiahidi siri usiyoweza kuitunza, msikilize bila kumhoji kama mpelelezi, mwambie utalazimika kumhusisha mtu atakayeweza kumsaidia, andika maneno yake kama alivyoyasema na utoe taarifa siku hiyohiyo kwa anayehusika chamani. Zoezi hilo lilipaswa kurudiwa mpaka kila mshiriki alifanye. Badala yake liliwekwa mwishoni mwa siku, likakatizwa kwa sababu kuni za moto wa kambi zilikuwa tayari, na kesho yake asubuhi tukarudi kwenye ukaguzi wa soksi. Waandaaji wa kozi niliyohudhuria wanapaswa kulitazama upya jambo hilo, kwa maana kipindi chao bora ndicho walichokipa saa mbaya kuliko zote.

Shanga zenyewe pia zinahitaji kusimuliwa vizuri zaidi. Mshiriki huelezwa kwamba za mwanzo zilitoka katika mkufu unaohusishwa na Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, ambao Baden-Powell alisema aliupata Zululand, kusini mwa Afrika, mwaka 1888, na simulizi huishia hapo kwa makofi. Mkufu wa namna hiyo ulikuwa nishani ya ushujaa kwa Wazulu, na Baden-Powell alikuwa huko kama afisa wa jeshi la Uingereza katika vita dhidi ya watu wa mfalme huyo. Anayevaa nakala ya shanga hizo anastahili kulijua hilo, na vijana wakubwa watamuuliza tu, kwani nao wana intaneti. Ningependa mkufunzi alitaje jambo hili mwenyewe na kuruhusu mjadala, kuliko kumwacha kiongozi agundue mbele ya kundi lake kwamba alisimuliwa nusu.

Baada ya kambi huja sehemu ambayo wengi huishia njiani. Mshiriki hurudi kundini, huandika mpango wa kazi, huutekeleza kwa miezi kadhaa akitembelewa na msimamizi, na hukusanya ushahidi kwamba anachokifanya kimebadilika. Shanga mbili hutolewa baada ya hapo, na wanaoendelea kuwa wakufunzi huongezewa ya tatu na hata ya nne. Ubora wa sehemu hii hutegemea msimamizi kuliko mtaala. Wangu alikuja, akakaa nyuma ya ukumbi mkutano mzima bila kusema neno, kisha akanionyesha kwenye daftari lake kila mara nilipojibu swali ambalo kiongozi wa patroli alikuwa anataka kulijibu; karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Mwenzangu niliyekuwa naye patroli moja alipangiwa msimamizi asiyepokea simu, na jalada lake limekaa bila kusainiwa wakati kundi lake linakwenda vizuri kuliko langu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, omba ratiba kamili uone kipindi cha usalama wa watoto kimepewa saa ngapi na kimewekwa wakati gani, kisha uliza jina la msimamizi wako na idadi ya viongozi anaowasimamia kwa sasa. Aliyeingia kwenye uskauti juzi asikimbilie. Aanze na mafunzo ya usalama ya Safe from Harm, ambayo Shirika la Skauti Duniani huyatoa kwenye intaneti bila malipo na ambayo watu wazima walitakiwa kuyakamilisha kabla ya kuhudhuria Jamborii ya Dunia (kambi kubwa ya maskauti wa mataifa yote) ya 2023, halafu ahudhurie mikutano ya kundi kwa msimu mmoja akiwa msaidizi, ndipo aombe nafasi ya Wood Badge. Akienda kabla ya hapo atarudi kutoka kambini bila kundi la kufanyia sehemu ya tatu, na chama kinaweza kuwa kimemwekea muda wa mwisho wa kuikamilisha.