Eksteno mbili za bei nafuu zinazolinda kazi za studio yangu Ngamiani

Nina studio ndogo ya picha na video hapa Ngamiani, Tanga. Napiga harusi, maulidi na picha za paspoti. Masika ya mwaka juzi kompyuta yangu ya mezani ilianza kulia tik, tik, tik, kisha ikagoma kuwaka. Fundi akasogeza sikio kwenye diski, akasikiliza, akatikisa kichwa: "Dada, hapa kichwa kimeshakufa. Labda uipeleke Dar, na hata huko siwezi kukuahidi."

Harusi nyingi zilizokuwamo nilikuwa nimeshawakabidhi wenyewe. Mbili bado. Mama wa bibi harusi mmoja, wa Makorora, hakunifokea. Alikaa kwenye kiti cha wateja akauliza taratibu, "Hata zile za singo hazipo, mwanangu?" Nilimrudishia hela yake yote, ila swali lile sijalisahau.

Kuweka nakala za kazi kwenye intaneti nilikupigia hesabu. Kazi za msimu mmoja zinafika GB 300, na kupandisha mzigo huo kwa bando ni sawa na kulipa kodi ya fremu mara mbili. Nikanunua eksteno, yaani diski ya nje inayochomekwa kwa waya wa USB, moja mpya ya TB 1 (GB 1,000). Ya pili niliiunda: nilikuwa na laptopu iliyokufa bodi lakini diski yake nzima, nikaichomoa nikaitia kwenye kasha la USB la shilingi 15,000. Diski hizi za inchi 2.5 zinakula umeme kwenye waya uleule wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kukopi, betri ya laptopu ninayotumia sasa inanimalizia kazi. Ukiichomeka ukaona GB 931 badala ya 1,000, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Ile mpya ilinisumbua siku ya kwanza. Video ya maulidi ya GB 6 iligoma kuingia na nafasi ipo tele. Kumbe ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka mafaili kwenye diski, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Nikaifomati upya kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, mambo yakaenda. Halafu angalia na tundu unalochomeka: kwenye USB 2.0 mzigo wa GB 300 ulinila karibu saa tatu, kwenye lile la buluu la USB 3.0 ukaisha kwa saa moja na ushee.

Nimezibandika plasta, A na B. Kila Ijumaa, ile iliyokuwa nyumbani inakuja studio, nakopi, inabaki kwenye droo. Iliyokuwa kwenye droo inakwenda nyumbani Chumbageni. Usiku hazilali pamoja hata siku moja, maana mwizi au moto ukiingia studio utazikuta zote mbili. Nakopi kwa robocopy, amri iliyomo ndani ya Windows, inayochukua yaliyobadilika tu. Tafadhali sana, usiiwekee /MIR kama huijui: ulichokifuta kwenye kompyuta itakifuta na kwenye eksteno.

Nikimaliza nachomoa, siiachi imening'inia. Wateja wananiletea flashi za kila namna, na kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia kinafunga chochote kinachokikuta kimechomekwa.

Udhaifu wa eksteno hizi ni kuanguka. Ndani mna sahani inayozunguka, na kichwa kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Mwezi wa Ramadhani mdogo wangu alijikwaa kwenye waya, B ikaanguka chini ikiwa inafanya kazi, na mlio ukawa uleule ninaoujua. Mikono ilinitetemeka, lakini A ilikuwa nyumbani. Kasha lilikuwa zima, nikabadilisha diski ya ndani tu, nikaijaza upya kutoka A. Nilifungua harusi moja moja nikaitazama mwanzo, katikati na mwisho. Zote zilikuwapo.

Tangu siku hiyo nakopi meza ikiwa tupu na mlango nimeurudisha. Ya nyumbani inakaa kabatini ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu chumvi ya upepo wa bahari hapa kwetu inakula hata bawaba za madirisha.